Poda ya Mama wa Daktari

Teluk Kumpai, 4 Machi 1996

Kwako mwanangu Raudah,

Assalamu alaikum warahmatullahi. Kama barua hii imekukuta unakula, maliza kwanza tonge lako, barua haipoi. Mimi mzima, Alhamdulillahi. Magoti tu ndiyo yananikumbusha kila asubuhi kwamba na yenyewe yapo, maana maji ya kinamasi mwaka huu yamekataa kushuka, ukitoka mlangoni unayakanyaga. Wewe je? Unakula? Usiniandikie tena "nakula, Mama" kama unavyoandika siku zote. Niandikie unakula nini.

Barua yako ya mwezi uliopita nimeisoma mara tatu peke yangu, mara ya nne nikamsomea Bi Mastora. Hakutaka kusikiliza, lakini alikuwa analisha bata wake, na mtu anayelisha bata hana pa kukimbilia. Nikamwambia, "Sikia hii. Zahanati ya ngozi ya Banjarmasin, watu wanatoka mito yote, na anayewahesabu ni Raudah." Akasema, "Kuhesabu hata mimi najua, nahesabu bata mia tatu kila jioni." Nikamwambia, "Bata wako unawahesabu kwa macho. Raudah anamkwangua mtu ngozi kidogo, anaiweka juu ya kioo, anaona kilichojificha ndani. Daktari mwenyewe anakaa kitini anasubiri Raudah amwambie." Akawageukia bata wake, akawaambia kuleni, kuleni, leo kuna hotuba.

Na usinisahihishe kwamba wewe si daktari, ni mpimaji wa maabara. Najua. Cheti chako kiko ukutani mwangu, nakifuta vumbi kila Ijumaa. Lakini watu wa hapa kila aliyevaa koti jeupe ni daktari, na mimi sina muda wa kumfundisha mmoja mmoja.

Poda yangu nayo inakwenda vizuri mno. Unakumbuka mateso yake: kuloweka mchele siku saba, kuutwanga, kutia maji ya mzizi wa khulinjani, kufinyanga vidonge, kuanika. Wengine wanapaka usoni kwa ubaridi wake tu, wenye mba na choa wanapaka shingoni na kiunoni, kama alivyokuwa akipaka bibi yako. Bi Mastora alikuwa akinicheka, "Poda ya Arbainah inaponya, sikatai, ila mpaka ikuponye umeshapata wajukuu." Sasa hasemi tena. Toka mwaka jana kuna kitu nimekiongeza, ni siri yangu, na mtu akipaka siku tatu mwasho umekwisha na ngozi inakuwa kama yai lililomenywa. Wauza mayai wanaichukua mpaka huko kwenu mjini. Wameipa jina, wanaiita Poda ya Mama wa Daktari. Mimi sikuwatuma. Ila sikuwakataza.

Salmah wa Bi Mastora anaolewa mwezi wa tano. Na nani atamwogesha mvuke? Mama yako. Wamenijia wenyewe.

Kula samaki. Salamu kwa daktari wako.

Mama yako,
Arbainah


Banjarmasin, 21 Machi 1996

Mama yangu mpenzi,

Waalaikum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Pole na magoti. Jana mchana nimekula wali na samaki haruan wa kukaanga, vipande viwili, na sambali ya pilipili. Leo supu ya kuku. Umeridhika?

Barua yako nimeisoma nikicheka peke yangu kwenye benchi la maabara, mpaka Daktari Syahran akauliza kuna nini. Nikamwambia ni Mama. Akasema, "Basi msomee na mimi." Sikumsomea, Mama, maana umemweka kitini anasubiri.

Lakini kuhusu kuhesabu umeelewa sawasawa. Kila mgonjwa mpya anayeingia, hata kama amekuja kwa jipu au kwa kidonda, tunamwomba tumtazame mwili. Tukiona doa la mashaka, namkwangua taratibu kwa wembe butu, naweka maganda juu ya kioo, natia tone la dawa inayoyeyusha ngozi, napasha kidogo kwenye taa ya spiriti, nasubiri, kisha naangalia kwenye darubini. Mpaka jana wametimia mia mbili na kumi na wawili. Wenye fangasi ni sitini na mmoja. Ni karibu watatu katika kila kumi, Mama! Wavuvi wanayo kati ya vidole vya miguu, wanawake pale wanapofungia nguo kiunoni, vijana wana mba shingoni na mgongoni. Na kila mmoja anaingia amejifunika akidhani ni yeye peke yake duniani. Nikichungulia nje naona watu sita kwenye benchi moja, wote wanajikuna kwa siri, kila mmoja anamficha jirani yake.

Sasa nina swali. Naomba usikasirike.

Wiki hii alikuja mama mmoja muuza mboga. Shingo yote imeiva, na kiuno hivyohivyo, lakini haikuonekana kama choa. Choa unaijua, Mama, ina ukingo, imezunguka kama kikombe kilichoacha alama mezani. Hii haikuwa na ukingo. Daktari akasema si fangasi, ni ngozi kavu tu. Mimi nikakwangua hata hivyo. Nilipotazama nilishtuka. Nyuzi za fangasi zilikuwa zimejaa kioo kizima kama tambi zilizomwagwa. Sijawahi kuona nyingi hivyo. Nikamuuliza anapaka nini. Akasema, "Napaka poda, mwanangu, nzuri sana, ila nikiacha siku mbili inarudi na ndugu zake." Nikamuuliza poda ya nani. Akasema, "Ya Mama wa Daktari, kutoka juu mtoni huko. Mwanawe yuko hapahapa mjini, humjui?"

Nikasema simjui. Nisamehe, Mama. Nilisema simjui.

Ulichoongeza kwenye poda ni nini?

Mwanao,
Raudah


Teluk Kumpai, 9 Aprili 1996

Kwako Raudah,

Salamu nyingi na dua. Mimi sijambo. Magoti nayo hayajambo, asante kwa kuyauliza, ungeniuliza na moyo.

Ulisema humjui. Haya. Nilikubeba miezi tisa, nikakupitisha kinamasi mgongoni kwenda shule mpaka darasa la tatu ili sare isilowe, na muuza mboga mmoja anakuuliza unasema humjui. Nimecheka lakini. Usidhani nimelia. Nimecheka.

Nitakwambia siri kwa kuwa ni wewe. Kuna yule bwana wa mtumbwi wa dawa, anapita kila Jumanne na kikapu chake. Anauza tyubu ndogo nyeupe. Ni dawa ya hospitali kabisa, imeandikwa kizungu pande zote, hata karatasi ya kukunja imo ndani, maandishi madogo kama mayai ya chawa. Aliniambia, "Mama, hii inaua mwasho kabla hujamaliza kufunga kifuniko." Mimi si mjinga, nilijaribu kwanza kwangu mwenyewe kiunoni, pale ninapofungia nguo, pamekuwa pakiniwasha toka mwaka juzi. Siku ya pili kimya! Basi nikasema, poda ni ya bibi yako, tyubu ni ya hospitali, wa kale na wa kisasa wakilala sinia moja kitazaliwa kitu. Natia tyubu tatu kwa kila sinia. Hiyo ndiyo siri. Nilidhani utafurahi.

Yule muuza mboga wako sijui anakula nini. Samaki wa kuchachusha wanaleta mwasho, hilo kila mtu anajua.

Huku tunajiandaa. Salmah alikuwa na choa nyongani, kidogo tu kama sarafu, mama yake alinionyesha kwa aibu mpaka akafunga mlango. Nimempaka poda toka mwezi wa pili na sasa hakuna kitu, laini. Siku tatu kabla ya harusi nitampaka mwili mzima, nitamkalisha juu ya chungu cha majani ya pandani, mchaichai na karafuu, nimfunike mikeka na blanketi mpaka jasho lote limtoke, ili siku ya kukaa mbele ya watu asitoe hata tone. Blanketi ni zilezile nilizofunikia maharusi wote wa mwaka huu, zina baraka. Ungekuja ungeona mama yako anavyoheshimika.

Kula.

Mama yako,
ambaye hujuani naye


Banjarmasin, 24 Aprili 1996

Mama,

Assalamu alaikum. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima. Nimempa dereva wa gari la mayai mkononi, sikutaka ipite posta. Naandika haraka.

Usimpake Salmah. Nakuomba kwa magoti yangu mawili.

Nilikwenda na barua yako kwa Daktari, nikamsomea ile sehemu ya tyubu, nikasema tu "kuna mtengeneza poda." Dawa ile tunaijua. Ni ya hospitali kweli, yule bwana hakudanganya, lakini haiui fangasi hata mmoja. Kazi yake ni kutuliza wekundu na mwasho. Mwizi akiingia nyumbani mlinzi anapiga kelele, si ndiyo? Mwasho ule ndiyo kelele zake. Tyubu ile inamziba mlinzi mdomo. Nyumba inakuwa kimya, mwenyewe anafurahi, na mwizi anaendelea kubeba chumba baada ya chumba. Ndiyo maana ukingo unafutika hata daktari haitambui. Ndiyo maana ukiacha siku mbili inarudi na ndugu zake. Na ikipakwa muda mrefu ngozi inakuwa nyembamba kama utando wa yai.

Toka nikuandikie wamekuja kumi na wanne wa namna hiyo. Wote nimewauliza. Wote ni poda ile.

Salmah hajapona, Mama. Imelala tu. Ukimpaka mwili mzima, ukamtia kwenye mvuke na jasho, ukamfunika blanketi zilizofunika wengine wenye choa, utakuwa umeipandia mbegu kwenye shamba lililolimwa. Mwambie Bi Mastora amlete kwangu hata kesho. Dawa ipo, ya kupaka wiki nne, haina miujiza lakini inaponya. Na wewe uje. Hicho kiuno chako nataka nikione.

Daktari anaandika taarifa kwa ofisi ya afya na ameuliza jina la mtengenezaji. Mpaka sasa kwenye daftari nimeandika "poda isiyo na jina." Mkono wangu hauwezi kuandika jingine.

Sikulaumu. Mimi nakujua kuliko mtu yeyote.

Mwanao,
Raudah


Teluk Kumpai, 16 Mei 1996

Raudah,

Salaam. Mimi mzima.

Barua yako ilifika siku sita kabla ya harusi, nimeisoma. Watu walikwisha kuja, majani yalikwisha kuchumwa, mikeka imetandikwa. Ulitaka nisimame mbele ya wanawake wa mto mzima niseme nini? Nilimpaka. Nilimfunika. Alitoka ananukia, hata mama mkwe wake akaniuliza umemfanya nini mtoto huyu. Jumapili alikaa mbele ya watu kutwa nzima, hakutoa jasho.

Mama yangu alipaka poda hii, na mama yake. Hakuna aliyekufa.

Kumbe nilikufundisha kusoma ili uje unisome mimi.

Mama yako


Banjarmasin, 11 Juni 1996

Mama yangu,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Hali yangu njema. Nakula. Leo nimekula wali na yai la bata, na nitakwambia yai hilo limetoka wapi.

Jana asubuhi nilitoka nje kuita mgonjwa, nikamwona Bi Mastora amekaa kwenye benchi, kikapu cha mayai mapajani. Pembeni yake Salmah, amejitanda mtandio mpaka machoni. Nilitaka kurudi ndani. Bi Mastora akaniona, akasema kwa sauti ile yake ya kuita bata, "Ee, daktari! Njoo umuone mwenzio mliyekuwa mnaogelea pamoja matako wazi."

Nilimtazama Salmah nyuma ya pazia. Mgongo, kiuno, mapaja, chini ya matiti. Hakuna mahali palipobaki. Mama mkwe wake alisema ni ukoma. Walimtengea sahani yake na kikombe chake, na siku ya kumi na mbili ya ndoa akarudi kwao. Alikuwa halii, na hilo ndilo lililonitisha. Nilimkwangua sehemu nne. Nikamleta kwenye darubini atazame mwenyewe. Nikamwambia, "Unaziona nyuzi? Si ukoma. Ni choa, ileile wanayo watu watatu katika kila kumi wanaokalia lile benchi." Akaniuliza, "Watatu?" Nikasema, "Wewe hesabu, mia tatu na hamsini tumewaona, mia na wanne wanayo." Akahesabu kwa vidole. Halafu akasema, "Basi ukweni lazima yumo hata mmoja." Tukacheka, Mama, tukacheka mpaka akalia.

Nimempa dawa. Kwa kuwa imeenea sana Daktari amemwandikia na vidonge. Nimempa na karatasi yenye mhuri, imeandikwa si ukoma. Atapona, inshallah, ila taratibu.

Bi Mastora nilimwambia ukweli kuhusu ile tyubu. Ilikuwa lazima nimwambie, ili wasipake tena. Akanitazama sana. Akauliza, "Arbainah alijua?"

Nilianza kuufuta wembe uliokwisha kuwa safi. Yeye mwenyewe akaninyanyulia kiganja, akasema, "Acha. Usijibu. Mtoto hamsemi mama yake mbele yangu. Na mimi sitamwambia mtu. Arbainah akitaka kusema, mdomo anao, tena huo ndio Mungu aliomzidishia." Akaniachia mayai kumi na mawili.

Ndiyo hayo, Mama. Niandikie. Hata unitukane.

Mwanao,
Raudah


Banjarmasin, 8 Julai 1996

Mama,

Assalamu alaikum. Ni mwezi sasa. Dereva wa mayai anasema amekuona sokoni, huna ugonjwa, lakini huuzi kitu. Anasema ulipita bila kumpigia kelele yeyote. Hilo limenitia hofu kuliko kama angeniambia una homa.

Daktari anafunga taarifa mwisho wa mwezi. Bado nimeandika "isiyo na jina."

Nimekula wali.

Mwanao


Teluk Kumpai, 25 Julai 1996

Kwako mwanangu, kipenzi changu, Raudah,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh, na wabarakatuh nyingine juu yake kwa zile barua ambazo sikuandika. Mimi mzima wa mwili. Nimekaa siku nyingi najua la kuandika lakini kalamu nikiishika inakuwa nzito kama mchi.

Nikwambie kilichoniumiza. Si barua yako ya kwanza, wala ya pili. Ni Bi Mastora. Alirudi kutoka kwako nikamwona anashuka, nikajifungia ndani nikasubiri matusi. Nilikuwa nimeyapanga na majibu yake yote. Kesho yake asubuhi akapita kama kawaida, "Arbainah, umeamkaje? Magoti?" Na siku ya pili hivyohivyo. Ya tatu, ya nne. Zaidi ya siku thelathini mwanangu, mtu ambaye binti yake nimemharibia ngozi na ndoa ananiuliza magoti. Angenitukana ningepona mapema.

Maana nilijua. Wewe hukumjibu, nami nakujibia: nilijua. Barua yako niliiweka chini ya mkeka, nikamkalisha Salmah juu ya mkeka huohuo nikampaka. Nilijiambia Raudah ni mtoto, anatisha tu. Lakini usiku ule nilijikuna kiunoni mpaka nikatoka damu, na bado asubuhi nikatoa kifua mbele za watu. Niliona haya, basi. Jina lenyewe nililokuwa nalo ni lako, nikaona likinitoka ndani ya hicho chumba nitabaki mwanamke wa kusaga mchele.

Alhamisi iliyopita tulikuwa nyumbani kwa Bi Hamdiah kusoma Yasini, wanawake ishirini na watatu. Tulipomaliza, kabla chai haijamiminwa, nikasimama. Nikasema, "Nina neno." Bi Hamdiah akasema, "Ee Mola, cheti cha Raudah tena." Wakacheka. Nikasema, "Safari hii si cheti. Ni poda yangu." Nikawaambia yote. Tyubu, bwana wa mtumbwi, barua yako, mkeka. Nikawaambia Salmah hana ukoma, ana choa, na aliyemwenezea ni mimi, na mwanangu alinionya nikampuuza. Nikamtazama Bi Mastora nikasema, "Nawe ulijua ukanyamaza." Akasema, "Nilikuwa nakusubiri. Umechelewa, chai imepoa."

Nilidhani watanitimua. Kumbe mke wa fundi mitumbwi akasema polepole, "Kwa hiyo hii yangu haijapona?" Akavuta nguo kidogo ubavuni. Aliye pembeni yake akasema, "Na wewe unayo?" Naye akavuta ya kwake. Bi Aisyah, yule mzee asiye na meno, akasema, "Mimi ninayo toka enzi tulipotawaliwa na Mjapani." Bi Mastora akamwambia, "Hiyo si choa tena, hiyo ni mke mwenzako." Raudah, walicheka mpaka birika likapinduka. Mlango ukafungwa, madirisha yakafungwa, kila mtu akaonyesha yake, kwapani, shingoni, kati ya vidole. Nikawahesabu. Mimi mwenyewe, kidole kwa kidole, kama wewe. Kumi na mmoja katika ishirini na watatu, pamoja na mimi. Wewe huko unapata watatu kwa kila kumi? Sisi Teluk Kumpai tumewashinda.

Poda yote nimeizika nyuma ya nyumba. Blanketi nimezichemsha sufuria moja baada ya nyingine na kuzianika juani siku nne, na mikeka nimeichoma. Bwana wa mtumbwi wa dawa alipokuja Jumanne tulimpokea wanawake tisa, sidhani atapita tena hivi karibuni.

Jumamosi mimi na Bi Mastora tulikwenda kwa mama mkwe wa Salmah na ile karatasi yako. Nilizungumza mimi. Nilisema, "Msimlaumu binti, aliyempaka ni mimi, naitwa Arbainah." Yule mama alisoma karatasi, akaigeuza nyuma hata kama hapakuwa na kitu, akasema tutafikiri. Mume wake Salmah hakufikiri. Alikuwa amesimama mlangoni anatusikiliza, akavaa kandambili zake akatufuata mpaka kwa Bi Mastora. Yuko huko mpaka leo, anachunga bata. Na anajikuna kinena, nimemwona. Naye namleta.

Maana tunakuja. Jumatatu, kwa gari la mayai, tuko kumi na wanne. Bi Aisyah nimemkataza asile chochote njiani, anatapika. Mwambie Daktari Syahran aandae viti, na asimame kidogo, asikae tu anasubiri.

Nataka kuwa wa kwanza. Nikiingia usiniite Mama. Uniulize jina kama unavyowauliza wengine, nami nitakutajia: Arbainah binti Saberan, mtengeneza poda wa Teluk Kumpai. Uliandike mbele ya Daktari, kwa mkono wako, pale ulipoacha wazi. Wasije wakamlaumu mtu mwingine.

Halafu uchukue wembe wako. Usitetemeke. Hiyo ngozi uliilalia miaka miwili ukinyonya, haiwezi kukukasirikia. Kwangua.

Mama yako,
Arbainah